Daftari Liko kwa Nani?

Desemba 1902, kikosi cha askari wa Mwingereza kilipanda kutoka upande wa Fort Hall, mji tunaouita sasa Murang'a, kikaingia Tetu, kwetu Kenya. Wenyeji walidaiwa kuuvamia msafara wa wafanyabiashara, na serikali ikaamua kuwatia adabu. Watu waliuawa, mifugo ikaswagwa. Mambo yalipotulia, kituo cha serikali kilianzishwa karibu na kilima cha Nyeri, na hapo ndipo mji ulipochipuka. Tunayajua mengi ya siku zile kwa sababu afisa mmoja kijana, Richard Meinertzhagen, alikuwa na mazoea ya kuandika shajara. Shajara yake ya Kenya ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1957. Baadaye wachunguzi waligundua kwamba kurasa zake alizipiga chapa upya miaka mingi baada ya matukio, katika karatasi zisizoshonwa pamoja, zinazoweza kuchomolewa na kuchomekwa nyingine. Baadhi ya mambo aliyoyasimulia katika maisha yake marefu hayakutokea kamwe.

Kwa hiyo Tetu iliingia katika shajara ya mtu kabla watu wake hawajawa na shajara zao, na iliingia katika shajara isiyoaminika.

Naanza na afisa huyo kwa sababu ninataka kuzungumzia jambo linaloonekana la juzi tu: kuacha daftari la karatasi na kuanza kupanga siku zangu ndani ya simu. Wengi wakilijadili jambo hili huishia kwenye utamu wa wino na harufu ya karatasi, au wepesi wa kutafuta neno kwa kubonyeza. Sivipuuzi vitu hivyo. Lakini mimi nimelelewa kwenye vilima vilivyo kati ya Ihururu na msitu wa Nyandarua, na huku kwetu historia imetufundisha kuuliza kwanza jambo jingine. Daftari la siku zangu liko kwa nani? Na siku nitakapolihitaji, nitalipata?

Wazee wetu Wakikuyu walipanga siku bila karatasi. Mwaka ulikuwa na misimu miwili ya mvua, ya njahi na ya mwere, kila mmoja ukiitwa kwa jina la zao lake, na mtu aliyejua msimu alijua la kufanya asubuhi. Soko lilikuja kila baada ya siku nne, kwa hiyo deni, mahari na ziara vilihesabiwa kwa masoko. Miaka nayo iliandikwa katika miili ya watu: kila kundi la vijana waliotahiriwa lilipewa jina la jambo kubwa la wakati huo. Waliotahiriwa wakati wa ndui waliitwa Mutung'u, na walioshuhudia ndege ya kwanza angani wakaitwa Ndege. Ukitaka kujua tukio lilikuwa lini, unauliza ni riika gani iliyotahiriwa. Palikuwepo pia gicandi, kibuyu kilichochorwa alama ambazo mwimbaji alizifuata asipotee katika utungo mrefu wa mafumbo. Padri Vittorio Merlo Pick wa shirika la wamisionari wa Consolata alichapisha uchunguzi wake juu ya gicandi na vitendawili mwaka 1973, wakati waliokuwa bado wakizisoma alama zile walikuwa wachache sana.

Kalenda ile haikuweza kunyang'anywa, kwa kuwa ilikaa katika vichwa vingi kwa wakati mmoja. Ila haikuwa na faragha. Mpango wa mtu ulikuwa mpango wa mlango wake wote, na asiyetaka jambo lake lijulikane hakuwa na mahali pa kuliweka isipokuwa moyoni.

Faragha ya karatasi ilikuja na misheni. Wamisionari wa Consolata walikuwa wamefika Nyeri katika miaka ile ile ya mwanzo, Wapresbiteri wa Scotland wakafungua Tumutumu mwaka 1908, na kufikia 1916 Wakatoliki wa Nyeri walikuwa wakichapa gazeti la Kikikuyu, Wathiomo Mukinyu. Huko London, John Letts alikuwa ameanza kuuza shajara zenye tarehe zilizochapwa tangu 1812, kitabu ambacho mtu hununua mwaka wake ukiwa mtupu kisha akaujaza. Wazo hilo la mwaka mtupu unaomilikiwa na mtu mmoja lilikuwa geni huku milimani. Vijana waliosoma, athomi, walilipenda upesi. Kuwa na kalamu mfukoni kulikuwa kuvaa cheo.

Hata hivyo, daftari la kwanza ambalo wanaume wengi wa Tetu walilazimika kutembea nalo halikuwa lao. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanaume aliyevuka umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kasha la chuma lililofungwa kwa kamba na kuning'inia shingoni. Watu walililinganisha na kengele ya mbuzi. Ukikifungua kipande unakuta ni shajara kamili. Tarehe ya kuajiriwa imo, tarehe ya kuachishwa imo, mshahara umo, jina la mwajiri limo. Maisha ya mtu ya miaka mingi yaliandikwa humo, siku baada ya siku, na yeye mwenyewe haruhusiwi kuandika hata neno. Mwajiri asipotia sahihi ya kuachishwa, mtu huyo ni mtoro. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa tofauti kati ya kubeba kumbukumbu na kuimiliki.

Dedan Kimathi alizaliwa Tetu mwaka 1920, katika kizazi kilichokua chini ya kipande. Alisoma Karunaini na Tumutumu, akafundisha, kisha akawa katibu wa tawi la chama cha KAU. Alipoingia msituni kupigana vita vya Mau Mau alikwenda na tabia ya ukatibu. Karari Njama, mwalimu kutoka upande wa Othaya aliyekuwa mwandishi wake mkuu, alisimulia baadaye katika kitabu alichokitoa pamoja na Donald Barnett mwaka 1966 jinsi Kimathi alivyosisitiza kila kiongozi awe na madaftari: orodha ya wapiganaji, kumbukumbu za mikutano, sheria, hesabu ya vitu. Hebu fikiria jambo hilo kwa makini. Watu wanalala chini ya mianzi ya Nyandarua, mvua inanyesha miezi kadhaa ya mwaka, ndege za kivita zinapita juu, na bado wanaume hawa wanatafuta karatasi kavu ya kuandikia ajenda. Walikuwa wakiandika ili siku moja iwepo shajara ya vita vile ambayo haikuandikwa na afisa wa upande wa pili. Nyaraka nyingi zilitekwa. Sehemu yake ilichapishwa na Maina wa Kinyatti mwaka 1987, miaka zaidi ya 30 baadaye.

Kimathi alikamatwa Tetu tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri. Tarehe 17 Februari 1957, usiku wa mwisho wa maisha yake, aliandika barua kwa Padri Marino wa misheni ya Nyeri. Miongoni mwa mambo aliyoyaomba ni masomo ya mwanawe kushughulikiwa. Kesho yake akanyongwa Kamiti. Ni ule ule mwaka ambao shajara ya Meinertzhagen ilitoka kiwandani ikiwa na jalada zuri. Kila ninapoifikiria barua ile naiona kama ukurasa wa mipango: mtu asiye na kesho anampangia mtoto miaka.

Jirani wa Kimathi kutoka Mathira, Gakaara wa Wanjau, ndiye ninayemwona kuwa baba wa shajara katika sehemu zetu. Alizaliwa mwaka 1921, akasoma Tumutumu, akawa mwandishi na mchapishaji wa vitabu vya Kikikuyu. Alikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952, usiku ule hali ya hatari ilipotangazwa, akapelekwa Kajiado na baadaye kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, karibu na magofu ya Takwa. Mtu wa baridi ya Mlima Kenya akatupwa kwenye mikoko, mbu na maji ya chumvi. Huko aliandika shajara kwa siri: nani kaletwa, nani kahamishwa, chakula gani, wimbo gani, adhabu gani. Mahabusu hana mipango ya kuandika. Siku yake imepangwa na mwingine kuanzia kengele ya asubuhi. Kwa kuandika tarehe kwa mkono wake, Gakaara aliichukua siku ile upya ikawa yake.

Kurasa zile zilipona. Mwaka 1983 zilichapishwa kwa Kikikuyu, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikapata Tuzo ya Noma, tuzo kubwa ya vitabu vilivyochapishwa Afrika. Ziliweza kupona kwa sababu karatasi inafichika. Inakunjwa, inazikwa, inapitishwa mkono kwa mkono, haihitaji moto wala waya, na miaka 30 baadaye yeyote anayejua kusoma anaifungua bila ruhusa ya mtu. Ninaposikia watu wakisema karatasi imepitwa na wakati, huwa namkumbuka Gakaara kule Manda.

Serikali nayo iliweka shajara zake. Wakati wa hali ya hatari ilianza kuwapa Wakikuyu, Waembu na Wameru vitabu vya pasi, na bila kitabu hicho husafiri. Kambini kila mahabusu alikuwa na faili. Uhuru ulipokaribia, mafaili mengine yalichomwa na mengine yakasafirishwa kimyakimya hadi Uingereza. Yalikaa huko miongo mingi, mwishowe katika jengo la serikali pale Hanslope Park, na mwaka 2011 tu, wazee wetu walipokuwa mahakamani London wakidai haki, serikali ya Uingereza ikakiri kuwa inayo: maelfu ya mafaili kutoka makoloni 37. Juni 2013 ikakubali kuwalipa wadai 5,228 pauni milioni 19.9. Bibi wa Tetu aliyeteswa mwaka 1954 hakuwa na ukurasa hata mmoja wa siku zake. Ushahidi ulikuwepo wakati wote, safi na umepangwa, ng'ambo ya bahari, kwenye rafu ya mwenye nyumba.

Nirudi nyumbani. Katika miaka ya hamsini kahawa na chai ziliruhusiwa kwa wakulima wadogo, na kiwanda cha kwanza cha chai cha wakulima hao kikajengwa Ragati, Mathira, mwaka 1957. Chai ndiyo iliyoingiza daftari katika kila jiko la Tetu. Jani huchumwa kila juma, hupimwa kituoni, unapewa karatasi ya kilo, na malipo makubwa huja mara moja kwa mwaka. Asiyeandika hatajua kama amelipwa sawa. Waswahili walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na wakulima wa chai walilithibitisha kwa majani yao wenyewe.

Daftari la mama yangu ni la shule, jalada la bluu lililofifia, jedwali la kuzidisha nyuma. Kila ukurasa ameugawa kwa kalamu safu tatu, akitumia ukingo wa kiberiti kama rula. Safu ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni kilo alizopeleka, kwani chai yetu huenda Gathuthi. Ya tatu haina kichwa, na humo ndimo yamo maisha: zamu ya chama cha kuchangiana, karo, mvua kubwa, mazishi, ng'ombe kupandishwa. Anapoandika ng'ombe kupandishwa huhesabu miezi tisa kwa vidole, kisha hufungua ukurasa wa mwisho kabisa wa daftari, ambako huweka mambo yajayo, akaandika tarehe ya kuzaa. Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu Ryder Carroll, Mmarekani aliyeanza kuufundisha ulimwengu mbinu yake ya shajara ya nukta mwaka 2013. Ina ukurasa maalumu wa mambo yajayo. Niliusoma nikamwona mama na kiberiti chake.

Hakuwa peke yake. Wangari Maathai, binti wa Ihithe, alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, kazi ile ilisimama juu ya kumbukumbu za akina mama. Kikundi kilihesabu miche iliyopandwa, kikarudi miezi baadaye kuhesabu iliyoshika, na malipo madogo yalitolewa kwa mche uliopona tu. Wengi wa wanawake hao hawakukaa sana darasani, lakini walijaza fomu na kufuatilia. Neno shajara tulilopokea kutoka Kiarabu lina maana ya mti, na sioni mahali lilipokaa vizuri kuliko katika hesabu zile za miche. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua Maathai kuwa mbunge wao. Nobel ikamfuata mwaka 2004.

Wakati huo huo, mbali na kwetu, shajara ilikuwa ikibadilika umbo. Kampuni ya Filofax ya London, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa imewazoesha watu daftari la pete ambalo kurasa huongezwa na kutolewa. Mwaka 1984 kampuni ya Psion, ya London pia, ikatoa kijitabu cha umeme, na mwaka 1996 Palm Pilot ikaingia sokoni baada ya mbunifu wake, Jeff Hawkins, kutembea na kipande cha mbao mfukoni akijifanya anaandika juu yake ili ajue ukubwa unaofaa. Vifaa hivyo vilipita Nyeri bila kugonga hodi. Vilikuwa ghali, na nani angempigia kengele ya mkutano mtu aliyeko shambani?

Kilichogonga hodi ni M-Pesa, tarehe 6 Machi 2007. Ilikuja kama njia ya kutuma pesa, lakini nashikilia kwamba ndiyo shajara ya kwanza ya kidijitali ya watu wa kawaida wa Kenya. Kila ujumbe una kiasi, jina, tarehe na saa. Muulize mkulima wa Tetu alinunua lini mbolea au alimlipa lini fundi wa bomba. Hatajikuna kichwa, atavuta jumbe zake juu hadi aifikie siku. Vyama vingi navyo vilihama. Kitabu cha mweka hazina kikawa kundi la WhatsApp, ambamo kila mchango unaonekana na kila mmoja papo hapo, na ugomvi wa nani alilipa ukapungua sana. Hilo ni jema la kweli na wanawake wa vyama wanalijua.

Mimi nilihamia simu kabisa mwaka 2015. Niliweka mipango ya juma, malengo ya mwaka, hesabu ya shamba, hata nilichomwambia daktari. Simu ilinikumbusha chanjo ya ndama asubuhi yake, jambo ambalo daftari halijapata kumfanyia mtu. Nilipiga picha ya jani lenye ugonjwa na kuiweka chini ya tarehe. Nilitafuta neno "mvua" na miaka mitatu ya mvua ikajipanga mbele yangu. Sikuona sababu ya kurudi nyuma.

Mwaka 2019 simu hiyo ilipotea ndani ya matatu kati ya Nyeri na Karatina. Sikuhofu, maana kila kitu kilikuwa kimehifadhiwa mtandaoni. Nilipojaribu kufungua akaunti kwenye simu mpya, programu ikasema imetuma tarakimu sita kwenye namba yangu. Namba yenyewe ilikuwa ya zamani, laini niliyoiacha bila kuitumia, na kampuni ya simu ilikuwa imeshampa mtu mwingine. Niliipigia. Ni kitu cha ajabu kuipigia namba yako mwenyewe na kusikia sauti ya mgeni. Mama mmoja alipokea kwa upole, nikamweleza, akanisomea tarakimu zile. Muda wa tarakimu hizo ulikuwa umepita. Nikamwomba anisomee nyingine naye akaanza kusita, kisha akakata. Simlaumu. Nchi hii imejaa walaghai wanaoomba watu tarakimu hizo hizo kwa sauti ya unyenyekevu kama yangu. Nilipojaribu tena alikuwa amezima.

Miaka minne ya siku zangu ipo hadi leo, nzima, imepangwa kwa tarehe, katika mashine nisizojua ziko nchi gani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inanipa haki ya kuziomba taarifa zangu kutoka kwa anayezishika, na nafurahi kwamba sheria hiyo ipo. Lakini lazima kwanza nithibitishe kuwa mimi ni mimi, na uthibitisho uko kwa yule mama.

Sijaiacha simu. Ningekuwa mnafiki kuisifu karatasi kana kwamba haichomeki, hailowi, hailiwi na mchwa. Madaftari ya msituni yalitekwa, na shajara ya Meinertzhagen ilikuwa karatasi tupu na bado ilidanganya. Nilichobadilisha ni programu. Sasa natumia ile inayohifadhi maandishi yangu kama mafaili ya kawaida ndani ya simu na kompyuta yangu, yanayofunguka hata kampuni iliyoiunda ikifunga milango. Kila mwisho wa mwezi nayanakili kwenye kifaa kidogo kinachokaa kabatini. Na nikienda nyumbani Ihururu nalipiga picha daftari la mama, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa lile la miaka ya themanini limeanza kukatika kwenye mshono.

Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, nimepewa jina la babaye, kwa hiyo huniita baba. Desemba iliyopita alikaa akinitazama nikipiga zile picha, kisha akauliza ninaziweka wapi. Nikamwonyesha. Akauliza kama anaweza kuziona akiwa peke yake. Nikasema anaweza, akijua nywila.

"Basi niandikie, baba," akasema. "Usije ukafa nayo."

Akanisogezea daftari na kalamu. Nikaiandika polepole, herufi kubwa zikiwa kubwa na ndogo zikiwa ndogo, akaisoma mara mbili. Ipo kwenye ukurasa wa mwisho, wa mambo yajayo, chini ya tarehe ya ng'ombe kuzaa.